Ujumbe wa Mama Mkwe katika Simu ya Vital

Simu ilitetemeka mfukoni Vital akiwa juu ya lori, katikati ya makatoni ya sabuni ya kupeleka mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi. Aliitoa haraka akidhani ni mke wake Abigaïl, aliyekwenda Pweto kununua samaki wakavu na ambaye tangu aondoke alikuwa hajapata rezo, mtandao wa kumpigia. Hakuwa Abigaïl. Ulikuwa ujumbe kutoka kituo cha afya cha mtaani kwao Katuba:

"Mama Mwape Céline, matokeo ya kipimo chako cha mlango wa kizazi yako tayari. Unahitaji matibabu. Tafadhali rudi kituoni."

Vital aliigeuza simu kifudifudi juu ya paja, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu na kukuta kuna mtu ndani.

Mama Mwape alikuwa mama mkwe wake.

Mtu wa mbali atauliza, sasa tatizo liko wapi? Si amwambie tu? Lakini kwa ukoo wa Mama Mwape, watu wa upande wa Pweto, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanaume anapisha na kuangalia pembeni. Mama anavuta kitambaa cha kichwa na kupita ng'ambo. Hawali pamoja, hawaitani majina, na habari za mwili hazipiti kati yao, hata iwe ni mafua. Hiyo ndiyo bukwe. Haina chuki ndani yake. Siku inafika ambapo mama anampikia mkwe wake kuku, wazee wa pande zote mbili wanakaa chini, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Kwa Vital siku hiyo ilikuwa haijafika. Wazee wake walikuwa Butembo, kwao Wanande, na vita vya Kivu vilikuwa vimewafungia njia.

Na kwa sababu mila ile hakuzaliwa nayo, aliishika kwa bidii ya mwanafunzi mpya. Pale depo, Elisée, mpakiaji mwenzake, alikuwa hamwachi kwa utani.

"Weye Munande, unachunga bukwe kupita shiye benyewe. Siku moja utakimbia hata picha ya mama mukwe."

Basi Vital aliufuta ujumbe. Alidhani akiufuta atakuwa hakuusoma.

Haukupita muda mrefu ujumbe wa pili ukaingia. Huu uliongeza kwamba timu yenye mashine ya kutibu itakuwa kituoni Alhamisi, kisha itaendelea na vituo vingine. Nao akaufuta. Siku iliyofuata simu ikalia kabisa.

"Alo? Niko nasema na mutu wa Mama Mwape?" Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, na nyuma yake mtoto mchanga analia.

Vital alitazama huku na huku. "Mama Mwape nani?"

"Mwape Céline. Njo alituachia hii numero."

"Hapana, dada. Mulikosea numero."

"Yeye mwenyewe alinisomea, na miye nikaandika."

"Mulikosea, dada," Vital akarudia, akakata.

Jioni hiyo, mbele ya sahani ya ugali, Vital alipanga mambo kichwani. Mama Mwape alikuwa hana simu. Kila alipoulizwa namba alitoa ya mkwe wake, kwa sababu Abigaïl, kwa safari zake, alikuwa akibadilisha laini kama mtu anavyobadilisha kitenge. Kwa hiyo jambo lile lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, ndani ya simu ya mtu asiyeruhusiwa kulitamka, na mtu huyo alikuwa ameshalifuta mara mbili. Mwenye mwili alikuwa hajui kitu. Labda wakati ule alikuwa anamwogesha Dorcelle, mtoto wa Vital, ambaye Abigaïl alikuwa amemwachia bibi yake.

Alimpigia Abigaïl tena. Simu haipatikani. Alimfikiria mdogo wake Mama Mwape, anayeimba kwaya parokiani, akamwondoa kichwani saa ile ile: ukimwambia yeye, umeiambia kwaya nzima. Kesho yake alimgusia Elisée kwamba simu yake imepokea habari ya mama mkwe, bila kutaja ni habari gani.

"Mwandikie mesaje," Elisée alisema.

"Hana simu."

"Njo maana banakutumia weye." Elisée alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kaka, ni kiloko ya nguvu, ni jambo kubwa?"

"Nazani."

"Basi enda tu kule inatokea. Unanisumbulia miye juu ya nini? Miye ni dokta?"

Vital aliomba ruhusa, akaenda kituoni.

Yule mwanamke wa kwenye simu aliitwa Gaëlle. Alikuwa na meza karibu na mlango, tableti mbele yake, na mtoto wake amelala mgongoni ndani ya kitenge. Vital alipotaja namba yake, Gaëlle aliinua macho.

"Ni weye ulinikatia?"

"Ni miye."

"Na Mama Mwape unamujua."

"Dada, ni mukwe yangu."

Gaëlle alifungua kinywa, akakifunga. Alitaka kucheka, ikaonekana, lakini aliutazama uso wa yule mwanaume na kicheko kikaisha. Alikuwa mtoto wa Lubumbashi, babu zake wakiwa wametoka kaskazini kwa reli na mila hiyo hiyo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Mungu wangu. Na mesaje yote ilifika kwako?"

"Yote. Mpaka fasi ya mwili, sehemu yenyewe."

"Papa, siwezi kukusemea mambo ya mugonjwa..."

"Dada, munakataa kusema na kinywa, na ndani ya simu muliandika yote."

Gaëlle akamgeuzia tableti kidogo, akiwa amefunika majina kwa kiganja, aone rangi tu: mistari mingi ya kijani na michache myekundu.

"Angalia. Zamani, makaratasi ilikuwa inalala ndani ya sanduku. Mama anapimwa, anaenda nyumba, na kama kipimo ni kibaya, hakuna mwenye anajua kama alirudia ao hakurudia. Sasa mwenye hakurudia anakuwa mwekundu mpaka afike. Bamama wengi balipona juu ya ile rangi. Lakini mesaje inajituma yenyewe, na hatukuwaza ni nani anaisoma. Hiyo ni kosa yetu."

"Yeye iko mwekundu?"

Gaëlle aliivuta tableti upande wake, na Vital akaelewa.

"Nitakuambia mambo ya ugonjwa, si ya mutu," akasema Gaëlle, akichagua maneno. "Kile kipimo kinaonaka ugonjwa ungali mudogo. Banaunguza kidogo, mama anarudia nyumba siku ile ile. Ukiachwa, unakomaa, na hapa Lubumbashi utatafuta dawa yake uchoke. Alhamisi mashine iko hapa. Kisha, sijue itarudia lini."

"Enda weye umuambie."

"Niko tayari. Lakini tukitoka kuona mugonjwa, tunavaa hii." Alionyesha fulana iliyoning'inia ukutani, jina la kituo likiwa limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa. "Na hata nisipovaa, avenyu yenu yote inanijua. Mama alituomba siku ya kwanza, jirani hata mumoja asijue. Nikisimama ku mulango yake, bataanza kuhesabu magonjwa."

Mtoto mgongoni aliamka. Gaëlle alijitikisa kidogo, huku na huku, mpaka akatulia.

"Papa, bukwe inakataza kumuangalia. Kusema, bantu banasemaka. Babu yangu alisemaka na mama mukwe yake myaka yote, na hakumuonaka uso."

"Ginsi gani?"

"Iko mutoto pale nyumbani?"

Vital alipitia sokoni akanunua gunia la makaa, kwa sababu mkwe hafiki mikono mitupu, akalishusha kwenye uzio wa Mama Mwape. Kwa kawaida angekohoa na kuondoka. Siku hiyo alikohoa, akabaki. Nyuma ya ukuta wa jiko alisikia mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Dorcelle, aliyekuwa ameanza kutembea si zamani, alimwona baba yake akaja akiyumba, na kipande cha muwa mkononi.

Vital alichuchumaa, akaupa ukuta mgongo.

"Dorcelle," alisema, kwa sauti ya kumfikia mtu mwingine. "Unamusikia baba?"

"Ba," alisema Dorcelle, akampa muwa.

"Aksanti. Dorcelle, leo baba alifika ku santre, ku kituo ya afya. Banamutafuta nkambo yako, mama ya mama yako."

Mchi ulinyamaza.

"Banasema kile kipimo alifanya, kuko kiloko kadogo ya kutunza. Kadogo. Siku moja, anarudia nyumba. Lakini isipite Alhamisi, maana mashine itaenda fasi ingine."

Dorcelle aliudai muwa wake, akarudishiwa.

"Mutoto," ilisema sauti ya Mama Mwape nyuma ya ukuta, ya chini na kavu, "muulize ule mwenye anakuongelesha. Nani alimuonyesha mambo yangu?"

"Dorcelle, ambia nkambo, simu ni ya baba. Nkambo mwenyewe njo alitoa numero."

"Mutoto, nkambo alitoa numero ya mutu mwenye anamuangaliaka, anamutunza. Hakusema bamusomee tumbo yake."

"Dorcelle, baba hakusoma."

"Mutoto, baba yako anadanganya watu bazima?"

Vital alikwaruza shingo. "Dorcelle, baba alisoma kidogo. Mesaje ilikuwa fupi."

Nyuma ya ukuta kikatoka kitu kama kicheko, kikakatika njiani. Mchi uliinuka, ukagonga mara moja bila nguvu, ukasimama.

"Mutoto," Mama Mwape alisema, na safari hii sauti haikuwa kavu, "dada yangu alikufaka na ule ugonjwa, kule Pweto. Hakupimwa hata siku moja. Ulimuanza kidogo, na kisha ukamumaliza. Miye nilienda kupima juu yake. Sasa unanileteya hii habari. Minaogopa, mutoto."

Hakuna aliyemfundisha Vital mila ya kujibu neno kama hilo. Alitazama nywele za binti yake, mistari iliyosukwa na mikono ya yule anayeogopa.

"Dorcelle, ambia nkambo baba ataenda naye. Atabaki inje. Hataingia, hatauliza kitu. Akitoka, baba atakuwa pale."

"Mutoto, asimame mbali."

"Mbali, mama," alisema Vital.

Neno lilimtoka moja kwa moja, bila kupitia kwa mtoto. Akauma mdomo. Dorcelle alimtazama baba yake, akautazama ukuta, akaketi chini kutafuna.

Kisha mchi ukaanza tena kutwanga, taratibu.

Alhamisi Mama Mwape alitangulia, amevaa kitenge cha kanisani, na kwa jirani aliyeuliza akajibu anakwenda kununua kitambaa. Vital alimfuata kwa mbali, Dorcelle begani. Kituoni wanawake walikuwa wengi kwenye benchi, lakini Gaëlle alikuwa ameshaandika miadi ya Mama Mwape, akamwita kwa jina lake la ubatizo tu na kumpeleka ndani. Vital alisimama barabarani chini ya jua, akimnunulia mtoto karanga, akisikia kila mlango ukifunguka.

Ndani, muuguzi alimweleza Mama kila hatua kabla hajaifanya. Mama alisikia joto na maumivu kama ya siku za mwezi, akashika ukingo wa kitanda, na kabla hajamaliza sala aliyoianza akaambiwa anaweza kukaa.

"Njo bile tu, imekwisha?"

"Njo bile, mama. Utapimwa tena mwaka unaokuja, tuone kama kumepona muzuri. Tutakukumbusha."

Gaëlle alimngoja mezani. Alikuwa amezungumza na daktari wa kituo, na daktari akazungumza na wenye programu huko mjini. Ujumbe mpya ungesema tu: tafadhali pita kituoni, tunakungoja. Hakuna ugonjwa, hakuna kiungo. Na swali la namba nalo lingebadilika: badala ya "nani anakuangalia" sasa wangeuliza "nani tunaweza kumwambia".

"Sasa mama, tutoe hii numero? Tuweke ya nani?"

Mama Mwape alifunga kitenge upya, akafikiri.

"Weka ya mutoto wangu Abigaïl, akirudia atakuletea. Lakini hii usifute."

"Hata na ile mambo ilitokea?"

"Alifikisha," alisema Mama Mwape. "Alichelewa, lakini alifikisha. Andika: mukwe."

Gaëlle aliandika. Kisha akagusa jina, na mstari ukawa kijani.

Walirudi kama walivyokuja, mama upande huu wa barabara, Vital na mtoto upande ule. Mama alikwenda polepole kuliko asubuhi. Karibu na kona ya duka la dawa alisimama, mkono juu ya ukuta, akivuta pumzi. Vital alisimama papo hapo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikaa ameinama hivyo, Dorcelle akimvuta sikio, mpaka aliposikia makandambili ng'ambo yanaanza tena kutembea. Ndipo naye akainuka.