Wamemtoa Dripu

Mzee Kufuli alipata jina hilo kwa kazi yake, maana alitengeneza makufuli na kuchonga funguo mpaka macho yakagoma. Lakini waliomjua vizuri walisema hata angekuwa mpishi angeitwa hivyo hivyo, kwa sababu mdomo wake haukufunguka ovyo. Mkewe ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba nzima. Tangu alipofariki mwaka uliopita, nyumba ilibaki na mzee, redio na mbwa.

Mbwa aliitwa Mpangaji. Siku moja ya mvua aliingia bila kubisha hodi, akajilaza chini ya meza ya jikoni, na mke wa mzee akauliza, "Huyu mpangaji gani asiyelipa kodi?" Jina likamganda. Alikuwa mbwa wa mke. Mzee alikuwa akimruka tu, kama anavyoruka ndoo iliyosahaulika mlangoni. Siku hizi walilala chumba kimoja, jambo ambalo mzee angelikana hata mbele ya hakimu.

Basi Mpangaji, kwa uroho wake, akameza gunzi la hindi. Alilimeza zima. Akatapika usiku na mchana, akakataa chakula, mwishowe hata akiitwa hageuki. Binti wa mzee, mwalimu wa shule ya msingi, alipopita kumjulia hali baba yake alimkuta ameketi sakafuni, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani pake. Alirudi nje akawasha gari.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti. Alimpapasa Mpangaji tumbo mpaka vidole vikaligusa gunzi, kisha akaivuta ngozi ya shingo na kuiachia. Ngozi ikabaki imesimama, ikarudi chini kwa uvivu.

"Mnaona? Amekauka," akasema. "Leo lazima nimpasue, lakini kwanza tumtundikie dripu."

"Mpasue," mzee akasema. "Dripu hapana."

Daktari alidhani hajaeleweka, akaanza upya taratibu. "Mzee, maji haya si ya kukata kiu tu. Dawa ya usingizi inalegeza mishipa, presha inashuka. Maji ndiyo yanayoishikilia isianguke. Halafu mshipa ukiwa wazi, likitokea la kutokea, dawa napitishia hapo hapo. Sihangaiki kutafuta mshipa mbwa akiwa anakata roho."

"Nimekusikia. Nimesema hapana."

Binti alikuwa akiangalia viatu vyake. Alijua baba yake anakumbuka nini, na alijua ni nani aliyemwachia kumbukumbu hiyo. Hakuthubutu kuingilia.

"Basi na mimi simpasui," daktari akasema bila hasira. "Siwezi kumlaza mbwa mkavu hivi halafu nibaki kumwombea dua."

Mzee akamtazama Mpangaji. Macho yalikuwa yamezama, midomo mikavu, lakini mkia, kwa adabu tu, uligonga meza mara moja. Mbwa huyu alikuwa kiumbe wa mwisho aliyekuwa akimsikiliza marehemu akiimba asubuhi. Akiondoka, hapatabaki shahidi mwingine zaidi ya mzee mwenyewe, na mzee hakujiamini kwa kukumbuka nyimbo. Akageuza uso ukutani.

"Mwekeeni," akasema.

Nesi wa pale, mama mnene mwenye maneno mengi, alimnyoa mbwa mguu wa mbele, akautafuta mshipa, akaingiza kisindano na kukifunga kwa plasta huku akimwambia Mpangaji kwamba ana miguu mizuri kuliko ya mume wake. Akaunganisha mpira, akafungua, matone yakaanza kushuka. Mzee aliyatambua. Alikwisha kukaa mbele ya matone kama hayo wiki nzima, kando ya kitanda cha mkewe, akiyaomba yaharakishe.

Upasuaji ulikwisha salama, kwa kiasi chake. Daktari alitoka na gunzi kwenye bakuli la chuma akawaonyesha kama mvuvi na samaki wake. Alisema presha ilishuka katikati ya kazi, wakaongeza maji, ikapanda tena. "Lakini bado sijatulia," akasema. "Utumbo umechoka. Alale hapa na dripu yake. Kesho ndiyo itatuambia kama tunaye au hatunaye."

Kesho yake binti alimshusha baba mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Mzee akaingia peke yake, mnyororo wa mbwa umekunjwa mkononi. Benchi lilikuwa tupu. Kutoka vyumba vya ndani paka alikuwa akipiga kelele za kuuawa, na nesi akapita mbio, mkono mmoja ameshika chupa tupu ya dripu na mpira wake uliozungushwa.

"Aa, mzee, umefika. Mbwa wako tumeshamtoa dripu. Nisubiri hapo, nakuja." Akapotea nyuma ya mlango.

Maneno hayo mzee alikwisha kuyasikia. Mwaka uliopita, asubuhi, simu ililia, na sauti ya binti yake ikasema: "Baba, mama wamemtoa dripu. Njoo." Akakata. Mzee hakuisikiliza sauti, aliyasikiliza maneno, na kwa akili yake mtu aliyetolewa dripu amepona, karibu ataruhusiwa. Akanyoa ndevu. Akatoa gauni la bluu, lile ambalo mkewe alilipenda, akalipiga pasi, yeye ambaye hakuwahi kushika pasi maishani, akaiunguza kola kidogo. Akatembea mpaka hospitali na mfuko mkononi, akiwasalimia hata watu asiowajua. Alipofika wodini akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Hakulia siku ile, wala mazikoni hakulia, na watu wakasifu kwamba mzee ana moyo wa chuma. Masikini, wala si chuma. Ilikuwa aibu. Mkewe alikuwa ameshakufa, naye akiwa na furaha njia nzima, na furaha ile alishindwa kujisamehe.

Safari hii hakukubali maneno hayo yamchezee tena. Alisimama, akatoka, akapita geti, akaketi kwenye ukuta mfupi kando ya barabara. Akalia. Hakulia kwa kujifuta chozi na kidole; alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka muuza magazeti ng'ambo ya pili akaacha kupanga magazeti yake na kuangalia pembeni kwa heshima.

Binti alimkuta hivyo. "Baba, kuna nini?"

"Wamemtoa dripu," mzee akasema.

Binti akaketi kando yake. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Maneno hayo yalikuwa yake.

Wakalia pamoja, mmoja kwa mbwa na mama, mwingine kwa mbwa na mke, wala hakuna aliyejaribu kuvitenganisha. Halafu binti akasema, akiitazama barabara, "Siku ile nilitaka kusema mama amekufa. Nilikuwa nimelishika hilo neno mdomoni, likanikwama. Likatoka lile la dripu. Nikadhani utaelewa."

"Nilielewa amepona."

"Najua. Nilikuona unaingia na mfuko, unacheka na mlinzi."

"Nilimpigia pasi gauni."

"Nililitoa mfukoni mwenyewe, baba. Niliona kola." Akafuta pua kwa kiganja. "Tangu siku ile natafuta namna ya kukuomba msamaha. Kila nikija nashindwa, naishia kukuletea matunda."

Mzee akayafikiria matunda ya mwaka mzima, mengine yaliyomwozea jikoni. "Mapapai yote yale," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani unaona sipati choo."

Binti akacheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo linalochosha sana, akaegemea bega la baba yake. Hapo ndipo nesi alipowatokea, mikono kiunoni, anahema.

"Jamani, nimewatafuta mpaka chooni. Si nilisema mnisubiri? Mbona mnalia, kuna msiba?"

Wakatazamana.

"Mbwa," binti akasema.

"Mbwa yupi? Huyu wenu aliyetafuna mpira wa dripu alfajiri akanilowesha viatu? Ndiyo maana tumemtoa. Anakunywa mwenyewe, amelamba na uji kidogo, na daktari kasema akiendelea hivi keshokutwa anarudi kwenu." Akawaangalia vizuri, akaanza kuelewa, uso ukamshuka. "Kwani mlidhani nini?"

Mzee alisimama kwanza, akaukunjua mnyororo, akaukunja tena.

"Mwanangu," akamwambia nesi, "mtu anapokusubiri pale kwenye benchi, anza na moja: yuko hai au amekufa. Habari za dripu zije baadaye."

"Nisamehe, mzee," nesi akasema polepole. "Yuko hai."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Binti alikuwa bado ameketi ukutani, ameinamisha kichwa, kama mwanafunzi wake mwenyewe aliyeitwa mbele ya darasa. Mzee akampa mkono ainuke.

"Neno la nesi lilikuwa rahisi," akamwambia. "Lile lako hata mimi nisingeweza kulisema."