RAM za Mzee Ebohon

Mzee Ebohon alirudi tena dukani kwangu Ikeja, amekumbatia kompyuta yake ya mezani.

"Fundi, imekuwa nzito. Michezo ya wajukuu inakwamakwama."

Nikaifungua. Zile RAM mbili, vijiti vya kumbukumbu, nilizozitenganisha juzi ili zipitishe kazi kwa njia mbili, sasa zilibanana kwenye njia moja.

"Baba, zimehama zenyewe?"

"Labda panya."

"Panya ana bisibisi!"

Hakucheka. "Kwani tofauti ni kubwa?"

"Kwenye michezo, utaiona. Kwenye barua, hata hutajua."

"Basi mimi huandika barua tu," akasema polepole. "Wajukuu walishahamia Kanada. Nyumbani nimebaki peke yangu."

Nikaelewa nani alizihamisha, na kwa nini. Nikamvutia kiti.

"Kesho njoo bila kompyuta, Baba. Inakuumiza mgongo bure."