Povu Kwenye Koki ya Sita

Wanafunzi walimwita Mama Chupa, na mtunza maabara huyo hakuwahi kukasirika. Kilichomkosesha raha ni pua. Tangu alipougua mafua makali, miezi miwili nyuma, hakusikia harufu ya kitu chochote. Maziwa yangeungulia jikoni naye amekaa papo hapo. Aliyejua ni mumewe tu. Shuleni alifyata ulimi. Nani angemwachia maabara mtu asiyenusa?

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa kemia alichungulia mlangoni.

"Mama, gesi hiyo! Husikii?"

Mama Chupa aligeuka upesi. "Usiguse swichi ya taa. Wapeleke watoto uwanjani."

Alikimbia nje akafunga mtungi wa gesi, akarudi kufungua madirisha yote. Chumba kilipopigwa na upepo vya kutosha, alifungulia gesi kidogo, akapitisha sifongo yenye povu la sabuni kwenye koki za gesi za mezani, moja moja. Tano zilikuwa salama. Ya sita ilivimbisha mapovu kama mdomo wa mtoto anayeota meno. Alifunga tena mtungi, akabadilisha mpira uliochanika, akapaka sabuni upya. Povu likatulia.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo asiyependa kuchelewa, alikuwa amesimama dirishani.

"Harufu imekwisha? Niwaite?"

Watoto thelathini na wawili, kila mmoja na kiberiti chake. Neno "ndiyo" lilimfika Mama Chupa kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Sinusi. Huu mwezi wa pili."

Mwalimu mkuu alimkazia macho, kisha akaingia ndani. Alinusa hewa, akainama kwenye makabati ya chini ya meza, akafungua moja na kurudi nyuma upesi.

"Imejaa humu!"

Walifungua makabati yote, wakayapepea kwa madaftari mpaka jasho likawatoka. Mtihani ulianza saa nzima baadaye. Kila kiberiti kilipowashwa, Mama Chupa alifumba macho, lakini hakuna kilicholipuka.

Jioni aliitwa ofisini.

"Ungenyamaza leo, ningekuwa nazika watoto," alisema mwalimu mkuu. "Ulivyonificha miezi miwili, hilo limeniuma. Kesho nenda hospitali. Ukirudi, hufungulii gesi mpaka mwalimu wa kemia awe amenusa kwanza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Alitoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi, akalia kidogo kabla ya kwenda nyumbani.