Kiti cha Wasiozaliwa

Arlys Tveit alikuwa anakata keki ya ndimu vipande vya mraba mjukuu wake alipoingia jikoni, akakung'uta theluji viatuni na kuuliza kama wamechelewa kikao. Mtoto alikuwa wa miaka saba hivi, nywele nyeupe kama za ukoo mzima. Mama yake, Kari, alikuwa mezani anakunywa kahawa, tumbo lenye mimba ya mtoto huyo huyo limegusa ukingo wa meza.

"Funga mlango, wewe! Baridi inaingia," Kari alimwambia bintiye. Wasiozaliwa walikuwa na tabia hiyo ya kuacha mlango wazi. Walikuja kila bunge la jimbo lilipokaa, na watu wa Nyvik walishawazoea.

Mafuta ya jimbo yalitoka Nyvik. Kila pipa lilitozwa kodi, na kodi ikapelekwa makao makuu kugawanywa: fungu la kuwapunguzia watu wa huko kodi zao, fungu la uwanja wa michezo ya barafuni, na fungu nono kuliko yote likaingia Mfuko wa Vizazi Vijavyo, ambao haukuguswa. Nyvik iliachiwa malori. Malori yakaila barabara, mkunga akachoshwa na mashimo akahama, na hospitali ya karibu ikawa mwendo wa nusu siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu, mafuta, alikuja, mwenyeji akazidiwa.

Kwenye kikao cha kamati ya mgao, Arlys aliweka sahani yake ya keki mezani, na mtoto akaketi kwenye kiti cha wasiozaliwa. Wajumbe walikula mpaka kikabaki kipande kimoja, wakakiacha. Huko kwao hakuna anayekula kipande cha mwisho.

"Haya, binti, sema," alisema mwenyekiti, Verlyn Haugen. "Una dakika mbili."

"Mheshimiwa, naomba barabara na mkunga. Nazaliwa Aprili."

"Hongera! Wenzangu, mnamwona? Huyu ndiye tunayemtunzia!"

"Basi nipeni."

"Aa, taratibu. Hujazaliwa bado. Serikali itampaje hela mtu asiye na cheti cha kuzaliwa?"

"Na nikishazaliwa?"

"Ukishazaliwa, mwanangu, wewe si kizazi kijacho tena. Umeshakuja."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa, maana sheria ilikuwa wazi. Mtoto akaitazama sahani.

"Na hicho mnamwekea nani?"

"Ni adabu tu. Pengine atatokea mtu."

Akanyoosha mkono wa kulia. Haugen akaisogeza sahani mbali naye kwa upole, kisha akapiga naye picha ya kalenda ya Mfuko. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umelala pajani tangu waingie. Arlys aliuona, hakuuliza mpaka walipokuwa njiani kurudi, wakijipenyeza katikati ya malori.

"Huo mkono una nini, mjukuu wangu?"

"Bado hauna kitu, Bibi. Mpaka Aprili."

Arlys alishikwa na hofu, na hasira ikafuata nyuma yake. Tangu siku hiyo alichota kokoto za uani kwake, toroli baada ya toroli, akafukia mashimo yaliyokuwa mbele ya nyumba na mengine mbele zaidi. Malori yakayafukua.

Aprili ilipofika, wakiwa njiani kwenda hospitali, gari lao lilizama kwenye shimo nyuma ya lori la mafuta, Kari akajifungulia kwenye kiti cha nyuma. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Arlys alivuta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuvuta. Mtoto alilia vizuri, wakamwita Ragna. Mkono wake wa kushoto haukuinuka, na Arlys hajawahi kujisamehe, ingawa Kari humwambia, "Mama, wewe ungefanyaje?"

Bunge lilipokaa tena, Arlys alikwenda na keki yake na Ragna mgongoni. Ukutani kalenda ya Mfuko ilimwonyesha Ragna akiwa na miaka saba, anatabasamu.

"Oo, ameshakuja!" Haugen alisema, akamgusa mtoto shavu. "Pole, mwanangu. Zamu yako imepita."

Kiti kilikuwa kimekaliwa. Mvulana mwenye nywele nyeupe alikuwa anakung'uta theluji viatuni, na mlango nyuma yake ulikuwa wazi. Alimpungia Ragna mkono, akamwambia, "Shikamoo, mama," kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mheshimiwa, naomba barabara."

"Una dakika mbili," alisema Haugen, akaisogeza sahani.