Fimbo Hupiga Fimbo

Kitendawili! Semeni tega, msinikodolee macho. Ndugu wawili wanapigana mbele za watu, wanagongana kwa kishindo, na hakuna hata mmoja anayetoka damu. Kope za macho? Kope si jibu baya, wajukuu zangu, lakini silo. Mmeshindwa, nipeni mji. Na huo mji mlionipa siendi mimi, namwachia Fundi Famau aingie, maana ndiyo kwanza anasinzia.

Anasinzia mchana kweupe, kwenye kiti cha plastiki, ubavuni mwa kitanda cha mwanawe Lali hospitalini. Lali ni mtu mzima, ana mke, na amelala hajitambui tangu walipomwokota uchochoroni, kapigwa akitoka kucheza kirumbizi harusini. Uso wote umefungwa bendeji, pamebaki tundu la pumzi tu. Kirumbizi, kwa asiyekijua, ni mchezo wa fimbo: wawili wanaingia uwanjani, zumari inalia, fimbo inapiga fimbo, mwili hauguswi, na mwenzio akiangusha yake nawe unashusha yako, unampa mkono. Ndivyo Famau alivyofunzwa na babake, ndivyo alivyomfunza Lali tangu hajaota meno ya pili. Sasa kinachomla moyo ni hiki: walipomwokota Lali, fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, nzima, haina hata mkwaruzo. Asubuhi shemeji yake Bwanaheri kasimama hapo kitandani, mikono kiunoni, kasema, Shemeji, wewe ulimfunza mwana kucheza ngoma, hukumfunza kupigana, ungempeleka karate saa hizi angelala hapa aliyempiga. Famau aliinama sikioni mwa Lali akamwuliza, Mwanangu, fimbo ulikuwa nayo, kwa nini hukumpiga? Swali likabaki linaning'inia juu ya kitanda pamoja na dripu.

Dripu inadondoka, kope zinashuka, na pazia la kijani la wodi linafunguka kuwa lango. Famau anapita, fimbo ya mwanawe mkononi. Mbele yake barabara inakwenda, inajikunja, inarudi kumpokea, na kuta za mji ni vioo, kila kioo kina Famau, na kila Famau amechoka. Mtu anamjia, uso mtupu kama yai lililomenywa, hana jicho wala mdomo, na sauti anayo. Hodi yako nimeisikia, mzee, unatafuta nini? Natafuta pigano lipi lingemwokoa mwanangu. Aa, anasema yule, umetafuta maji kwa kufuata kiu, haya twende.

Wanaingia mji wa karate. Watu weupe kwa mavazi wanavunja mbao kwa ngumi, teke linafika kabla ya macho, na Famau moyo unamruka, hili ndilo, hili ndilo Bwanaheri alilolisema. Lakini barabara inapinduka na wanakuja watu wa judo, wanamdaka mpiga teke mguu hewani, wanamvuta kwa uzito wake mwenyewe, anatua chini kama gunia la nazi. Basi judo, anasema Famau. Mtu asiye na uso anacheka kwa tumbo, Judo hushika nguo, mzee, na mwizi aliyejipaka mafuta kifua wazi utamshika wapi, masikio? Na kabla hajamaliza mji umekuwa wa ndondi, vichwa vinakwepa, makonde yanamiminika, lakini miguu ya bondia imesahauliwa huko chini, mtu wa mieleka anaizoa yote miwili, anamlalia, anamkaba, na Famau anapiga kelele, Mieleka basi, mieleka! Ndiyo, anasema yule, mieleka ni bwana wa mtu mmoja, ila akiwa juu ya huyo mmoja, mgongo wake ni wa nani? Na kweli, kutoka nyuma anakuja mwingine na jiwe. Barabara inarudi pale pale ilipoanzia, mji wa karate, mbao zile zile, zimekwisha kuungika ili zivunjwe tena.

Famau anaketi njiani. Kila mji una wa kuushinda? Kila mji. Basi nionyeshe Lali, nionyeshe angekuwa bondia, angekuwa vyovyote. Yule anapangusa kioo kwa kiganja. Lali huyo, na konde la ndondi, mtu anamjia uchochoroni, Lali anainua konde, konde linasimama hewani, Lali anapigwa. Kioo kingine, Lali na teke la karate, mguu unapanda, unasimama, Lali anapigwa. Kioo cha tatu, mikono ya judo inafika ukosini, inalegea. Famau anagonga kioo kwa ngumi, Mpige mwanangu! Mpige, nimekuruhusu! Kioo hakisikii. Kila kioo Lali anaanguka, na kila anapoanguka anaweka kwanza chini alichonacho, taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Kwa nini hampigi? anauliza Famau. Niambie, wewe mla mafumbo, niambie kwa nini hukumpiga! Hajui hata anamwuliza nani. Anasimama, anainua fimbo juu ya kichwa kile kitupu, miaka yake yote iko mkononi, hasira yote, anataka kusikia mfupa ukilia. Mtu asiye na uso hasogei. Ananyoosha viganja vyake viwili, mikono mitupu. Na mkono wa Famau unashuka. Famau anausukuma upande juu, nao unashuka, unashuka peke yake kama ulivyofunzwa, unaiegemeza fimbo kwenye kioo, wima, nzima. Famau anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Kisha viganja vile vinakuja shingoni mwake.

Anashtuka. Kiti cha plastiki. Pazia la kijani limefungwa. Muuguzi anapita kampa kisogo, na Famau anangoja ageuke amwone kama ana uso, hageuki. Fimbo imeegemea ukuta wa wodi, naye hakumbuki kuja nayo. Kitandani kuna mtu asiye na uso, bendeji nyeupe kama yai, na Famau hajui huyu ni yule au ni mwanawe. Dripu inadondoka, taratibu zaidi kuliko mwanzo. Tundu la pumzi linatikisika. Anainama, anatega sikio, na sauti inatoka, ndogo, ya mtoto anayesoma somo alilolishika vizuri ili asichapwe.

Hakuwa na fimbo, baba.