Wakubwa Wanne

"Nne tena?"

"Nne."

"Rudia."

"Babu, nimerudia mara kumi na tisa tangu asubuhi."

"Basi umekosea mara kumi na tisa. Mwisho inatakiwa ibaki sifuri. We mtoto unaruka wakubwa wanne kila mara. Una haraka kama unakimbizwa na nyuki. Ndiyo maana shule ilikushinda."

"Haikunishinda. Niliiacha mwenyewe."

"Ikashukuru."

Huyo ni mzee Valentini, mwalimu wangu wa karata. Zamani alikuwa boi kwenye klabu ya wazungu Lindi, enzi za mkonge, anapeleka vinywaji mezani wenyewe wakicheza ishirini na moja, anayeikaribia zaidi bila kuipita ndiye anayefunga. Kulikuwa na Mgiriki mmoja hafungwi. Valentini alimwangalia midomo miaka miwili mpaka akaipata siri yake. Ikitoka karata ndogo, mbili mpaka sita, ongeza moja. Akitoka mkubwa, toa moja. Wa katikati mwache apite. Hesabu ikipanda, wakubwa bado wamo ndani, weka dau nono. Ikishuka, tulia. Karata zikiisha zote, unabaki na sifuri.

Mimi nabaki na nne.

Wakubwa kwetu ni wale wazungu, wenye picha, pamoja na ree, ile ya doa moja, na kila mmoja tunamhesabu kumi. Uhuru tumepata mwaka wa kumi na nne sasa, lakini kwenye karata mzungu bado ni mkubwa. Wanasiasa hawajafika huko.

Valentini mwenyewe karata hazioni, macho yamekwisha. Anakaa na mguu wake mbovu anachonga mipini ya majembe, ananiuliza nimebaki na ngapi, halafu ananitukana. Mafunzo mazuri sana.

Msidhani nilikuwa napenda hesabu. Tulihamishiwa kijiji hiki kipya, karibu na Somanga, nyumba zote kwenye mstari ili tuendelee haraka. Tukapewa na shamba la pamoja, mikorosho na mihogo, kila mtu na zamu zake. Sikuwahi kulikanyaga. Zamu ya kwanza niliumwa tumbo, ya pili mgongo, ya tatu na ya nne nilikwenda kumzika bibi yuleyule. Zikafika sita. Halafu shemeji yangu wa Dar akaleta habari kwamba kanishikia nafasi gereji, nisipoonekana Jumatatu anapewa mwingine. Lori la korosho linapita Jumamosi. Na katibu wa kijiji hamwandikii barua ya safari mtu mwenye zamu zilizolala. Bila barua wanakushusha njiani kama gunia lililooza.

Kilichobaki ni Sebastiani. Kijana wa mstari wa pili, ana mikono kama makasia, na yeye alikuwa na zamu sita mbele yake. Pesa hamna mwenye nayo, kwa hiyo hapa tunachezea zamu. Ukifungwa, unamlimia mwenzio. Bi Romana, msimamizi wa shamba, hajali nani analima, anataka migongo kumi na miwili imeinama, basi.

Karata za kijiji ni pakiti moja tu, anazo Sebastiani, watu wanazichezea sitini na moja jioni, kumi kumi watu wanne. Ndizo nilizoazima nikajifunzia. Jumatano mchana nikamrudishia, nikamwambia aketi tucheze ishirini na moja.

"Mbona midomo inakucheza?" akaniuliza. "Unasoma dua?"

"Nina njaa. Gawa."

Tunagawa wazi, hakuna karata ya kuficha, ujamaa mtupu. Unaona zako mbili na za mwenzio mbili, unataja dau, unaongezwa moja tu. Nikaenda polepole kama bibi harusi. Nikafungwa zamu moja, nikarudisha, nikafungwa, nikarudisha. Niliapa safari hii sitaruka hata mmoja, na sikuruka.

Zikabaki karata nne. Mbele yangu sita na tano, jumla kumi na moja. Mbele ya Sebastiani mzungu na saba, kumi na saba, akasema anatosheka. Kichwani kwangu hesabu nne.

Fikiria na wewe. Sikuruka mtu. Mwisho lazima sifuri. Hesabu nne, karata nne. Kwa hiyo zote nne zilizobaki ni wakubwa. Yoyote itakayokuja, ishirini na moja. Nilitamani mzee Valentini angekuwepo anipe mkono.

"Sita," nikasema.

"Zamu sita? Abilahi, unaumwa kweli leo."

"Toa karata."

Akatoa mbili ya pau.

Kumi na tatu. Sikuumia kwanza, nilishangaa tu. Hesabu ilikuwa tano sasa, na karata zimebaki tatu. Hata mimi niliyeacha shule najua wakubwa watano hawaenei kwenye karata tatu. Nikazifunua. Saba, saba, ree. Nikatoa moja ya ree.

Nne. Kama kawaida.

Sebastiani akakusanya karata zake taratibu, hana hata kiburi, hilo ndilo lililoniudhi. Akasema kwa kuwa zamu zake nimezichukua, na yeye katibu hana la kumzuilia, basi atalipanda lile lori.

"Hiyo gereji ya shemeji yako," akasema, "iko mtaa gani?"

Alhamisi alfajiri nikaenda shambani na mpini mpya wa Valentini, zawadi yake ya pole. Bi Romana alikuwa amesimama mwanzo wa mihogo na kikopo cha kahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe unaijua njia. Yule bibi yako hajafa tena?"

Watu wakapita mbele yake mmoja mmoja, akawapa kitu kutoka kwenye kikopo, wakachomeka kofiani. Akanipa na mimi. Karata. Ina madoa meusi kumi.

"Hii nini?"

"Kumi ya shupaza. Ukimaliza mstari wako unanirudishia, ndiyo najua umefanya kazi. Ukitoroka nayo, nakujua."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye ile pakiti ya kijiji, tangu siku ya kwanza. Kwenye sitini na moja hizi hazina kazi, na karatasi ya kuandikia nani kalima katibu hana. Kila mtu anajua."

"Kumi nayo ni mkubwa?"

"Sasa atakuwa mdogo?"

Nikachungulia kikoponi. Nane, tisa, kumi.

"Kumi ziko ngapi, bibi?"

Akaniangalia kama anayemsikitikia mbuzi.

"Kumi nne, tisa nne, nane nne, watu kumi na wawili. We mtoto, hata kuhesabu hujui?"

Akafunika kikopo chake, akageuka, akaenda zake.