Radi Ni Mimi

Mume wangu hajawahi kumaliza hata raundi ya kwanza ya mchezo ule wa ngumi wa kwenye simu, lakini mtaa mzima unamwita Radi. Radi ni jina la mchezaji aliyewacharaza watu mtandaoni mpaka akaalikwa fainali, jukwaani, mbele ya umati. Mchezaji huyo ni mimi. Mimi ni fundi cherehani. Umeme ukikatika, mashine inalala na mimi nashika simu. Nilijisajili kwa simu yake ya zamani, kwa hiyo jina lililoandikishwa ni lake. Pongezi zilipoanza kumiminika, bwana akazipokea kwa mikono miwili, mchana kweupe, nami nipo nasikia.

"Mama watoto, tusiharibu," aliniambia asubuhi ya fainali. "Jina ni langu. Nitakaa mimi, wewe utaninong'oneza kwa nyuma."

"Ninong'oneze ngumi?"

"Mbona unakuza mambo? Si sifa yetu sote?"

Nilichemka, lakini nikafuatana naye. Nilitaka nione uso wake mkavu utafika wapi.

Ulifika mpaka jukwaani. Alikalia kiti changu, akamkabili Nyigu, binti muuza vipuri vya pikipiki niliyekwisha kumpiga mara mbili mtandaoni. Akatoa vile vifuko vyembamba vya kitambaa nilivyojishonea ili vidole visiteleze kwa jasho. Akajaribu kuvaa. Dole gumba likagoma kuingia, watu wakaanza kucheka.

"Mke wangu," akaita, "hebu njoo unisaidie kuvaa."

Hapo ndipo aliponikosea kabisa. Nilipanda jukwaani, nikamnyang'anya vifuko, nikavivaa mwenyewe.

"Inuka. Radi ni mimi."

Mwamuzi akatazama kompyuta yake, akatutazama sisi. "Mama, jina lililosajiliwa ni la bwana huyu. Kama siye anayecheza, Radi anaondolewa."

Mume wangu akaninong'oneza, "Nyamaza tu, bado tumo. Unakata tawi ulilokalia."

"Aliyelikalia ni wewe," nilimjibu. Kisha nikamgeukia mwamuzi. "Mwondoe."

Jina likafutwa kwenye skrini kubwa. Roho iliniuma, sidanganyi. Jasho langu lote lilifutika nikiliangalia, na bado nisingelirudisha jina lile kwa bei ya kunyamaza.

Nyigu akatangazwa mshindi. Badala ya kushangilia, akasimama amenuna. "Ushindi wa mezani sikuufuata huku. Nimemfuata aliyenipiga. Dada, simu unayo?"

"Ninayo."

Tukakaa kwenye ngazi za nje, bega kwa bega, kila mtu na simu yake. Umati ukatufuata, na mwamuzi naye akaja, akijifanya anapunga upepo.

Raundi ya kwanza Nyigu alinitwanga vibaya. Alikuwa amenisoma vizuri yule mtoto, na watu wakampigia makofi ya haki.

Mume wangu akajipenyeza mpaka mbele. "Umeona? Umetutia aibu yote ile, na bado umepigwa. Inuka twende nyumbani."

Nyigu alikuwa ananisubiri. Nikabonyeza raundi ya pili.

"Tangulia," nilimwambia bila kuinua macho. "Na ukifika mtaani, waambie aliyepigwa ni mimi."